Posta ikigoma mzigo utoke vipi Mtwara: njia ninazotumia mimi na jinsi ya kuziandaa mapema

Wenzangu mnaouza vitu kutokea huku kusini, korosho, vinyago, ufuta, mikeka, nguo za kushona, chochote kile kinachoingia kwenye boksi, leo naomba niliandike hili jambo kwa urefu maana naona watu wengi tunaumia kwa kitu kilekile na kinazuilika kabisa.

Mi nipo Mtwara mjini, nauza korosho za kubangua pakiti za nusu kilo na za kilo, na vinyago vidogo vidogo vya mpingo ninavyochukua kwa mzee mmoja mchongaji. Msimu mmoja nilituma maboksi mawili ng'ambo kwa njia ya posta, dirishani wakapokea vizuri, risiti nikapewa, namba ya kufuatilia nikapewa, nikapiga picha nikamtumia mteja. Siku kadhaa naangalia namba, mzigo umeshatoka Dar. Afu kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mteja ananiandikia "dada mbona kimya?", na mi najibu "upo njiani dada yangu, vumilia", kumbe huko kwao wafanyakazi wa posta wameweka kazi chini na mi niko Chikongola, hapa Mtwara, naamini tatizo liko huku kwetu. Nilienda dirishani mara tatu kumsumbua yule kaka wa watu, mara ya tatu akanigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho akasema, "Angalia hapa dada, sisi tumeshautoa mkononi. Sasa hivi upo kwa wenzetu." Nilitoka pale nimeelewa kitu ambacho nilitakiwa nikielewe siku ya kwanza kabla sijalipia.

Kitu chenyewe ni hiki. Ukituma kwa posta, hata kwa EMS, ile huduma ya haraka ya posta, mzigo haubebwi na posta yako mpaka mlangoni kwa mteja. Posta yetu inaupeleka mpaka nchi husika, halafu inaukabidhi kwa posta ya kule, na wao ndo wanausambaza. Ndivyo ulivyo utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa 1874, wenye nchi wanachama 192. Ni utaratibu mzuri sana na ndo unaofanya bei ya posta iwe nafuu, sina ugomvi nao, lakini maana yake ni kwamba mgomo wa nchi ya watu unaweza kuukalia mzigo wa Mtwara wakati posta ya Mtwara imefungua milango na inafanya kazi kama kawaida. Angalia hata hiyo namba ya kufuatilia: inaanza na herufi mbili, zinafuata tarakimu tisa, inaisha na TZ. Ikianza na E ni EMS, R ni rejista, C ni kifurushi. Hiyo TZ inakwambia ulikoanzia mzigo, haikwambii nani atamaliza nao.

Kampuni kama DHL, FedEx au Aramex zenyewe zinaenda tofauti, zinapokea Dar na kuufikisha kwa mtandao wao wenyewe au wa wakala wao, bila kuukabidhi kwa posta ya nchi ile. Bei iko juu, hilo lijue mapema. Lakini posta ya kule ikigoma, hao wanaendelea kutembea.

Kwahiyo swali la kwanza kwa kila mzigo, kabla hujafunga boksi: huu utapita mikono ya nani na nani mpaka uingie mkononi kwa mteja? Chukua daftari, andika. Mimi mzigo wangu wa ng'ambo una mikono minne: bodaboda wa hapa, basi la Dar, kijana wangu anayepokea Rangi Tatu kule Dar, halafu kampuni au posta. Kila mkono nauwekea mbadala wake pembeni. Ukishakuwa na hilo daftari, siku ya mgomo unafungua ukurasa unaendelea na kazi, huanzi kuzunguka mjini unauliza watu.

Na mgomo hauji kama mvua, mara nyingi unapiga hodi. Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi kwenye CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30, wafanyakazi wapige kura, halafu mwajiri apewe notisi ya saa 48. Kanada notisi ni saa 72, na mwaka 2024 chama cha wafanyakazi wa posta yao, CUPW, kiliitoa tarehe 12 Novemba, mgomo ukaanza tarehe 15, wafanyakazi kama 55,000, wakarudi kazini 17 Desemba. Hebu hesabu hapo, Novemba na Desemba ndo msimu wetu wa korosho mpya na ndo watu wanaagiza za Krismasi. Aliyesoma ile habari tarehe 12 alikuwa na siku tatu za kugeuza njia. Uingereza nako 2022 Royal Mail waligoma siku 18 kwa vipande vipande kuanzia Agosti mpaka mkesha wa Krismasi, na mgomo wa vipande ni mbaya kuliko unavyodhani maana posta inafungua inafunga, na mizigo inarundikana kila wanapofunga.

Kwahiyo jiwekee tabia: kila nchi unakouza, mara moja kwa wiki ingia tovuti ya posta ya kule au andika kwenye simu jina la ile posta na neno mgomo kwa lugha yao, dakika tano zinatosha. Ukisikia "mazungumzo yamevunjika" au "kura ya mgomo" usisubiri siku ya mgomo wenyewe. Acha kutuma kwa posta siku kumi kabla, kwa sababu mzigo unaoingia nchini kwao siku moja kabla ya mgomo ndo unaokwama vibaya kuliko wote, hauendi mbele wala haurudi.

Naomba niseme jambo moja hapa na nalimaanisha. Wanaogoma ni watu wenye familia na wana sababu zao, tusiwatukane. Kazi yetu sisi ni kulinda mteja wetu.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe, na nianze na ya hapa ndani maana hata ukitumia kampuni kubwa ya kimataifa mzigo lazima ufike Dar kwanza, karibu kilomita 560 kutoka hapa.

Basi ndo mkombozi wetu, kila mtu wa Mtwara na Lindi analijua hilo. Ila kuna kutuma kwa basi na kuna kutupa kwa basi. Nilishatuma boksi la korosho za kukaanga kwa kumpa konda mkononi, bila risiti, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka na alisema "weka tu dada, nitamkabidhi". Lilifika kweli. Lakini lilikaa kwenye buti chini ya ndoo ya samaki wa chumvi iliyokuwa inavuja, kona moja ya boksi imelowa, na korosho zote kilo kumi na mbili zinanuka papa. Mteja alinipigia video, anaipasua pakiti mbele ya kamera, sikuwa na la kusema. Na sikuwa na pa kudai, kwa sababu sikuwa na karatasi yoyote.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Nafika stendi ya Mkanaledi jioni ya kuamkia safari, siyo alfajiri basi likiwa linaunguruma, naenda ofisi ya mizigo ya basi, siyo kwa konda. Nauliza kama wana leseni ya TCRA ya kusafirisha vifurushi na vipeto, na usione aibu kuuliza, TCRA ndo inasimamia posta na vifurushi nchi hii na basi linalobeba vifurushi vya watu linatakiwa liwe na hiyo leseni. Mwenye leseni ana wajibu na una pa kumshitaki, asiye nayo mkigombana mnabaki wawili tu. Natamka kilichomo na thamani yake, nahakikisha vimeandikwa kwenye risiti, siyo "boksi 1" peke yake. Napiga picha risiti, picha boksi likiwa juu ya kaunta yao, na namba ya basi. Halafu namtumia anayepokea ujumbe wenye vitu vitano tu: jina la basi, namba ya gari, namba ya risiti, muda wa kuondoka, simu ya ofisi yao ya Dar.

Kufunga nako kuna namna yake. Korosho zikishakuwa kwenye pakiti zake naziweka ndani ya mfuko wa plastiki mzito nafunga shingo kwa moto wa mshumaa, ndo naweka kwenye boksi, ndo boksi linaingia kwenye kiroba kinachoshonwa kwa sindano ya gunia. Kiroba kinasaidia mambo mawili: maji ya buti hayaingii, na mtu akitaka kudokoa lazima akate uzi na utaona. Jina na simu naandika kwa maka peni pande mbili juu ya kiroba na tena kwenye karatasi ndani ya boksi, maana stika hubanduka na boksi lisilo na jina Rangi Tatu ni la mtu yeyote.

Dar uwe na mtu wako. Mbagala Rangi Tatu mabasi ya kusini yanafika kwa mfululizo na mzigo ukilala ofisini unaanza kuhamishwahamishwa. Mimi nina kijana wa bodaboda, namlipa kila safari kwa simu akishanitumia picha ya boksi akiwa nalo, yeye ndo analipeleka kampuni ya vifurushi au posta kubwa. Mtafute sasa hivi, umpe mzigo mdogo wa majaribio, tena kitu ambacho hata kikipotea hulii. Ukimtafuta siku ya mgomo kila mtu anamtafuta pia.

Ndege ipo pia, Air Tanzania na Precision wanatua Mtwara, kwa mzigo mdogo wa haraka au nyaraka inafaa, piga simu siku moja kabla uulize nafasi ya kago. Watu wa Lindi mjini kwenu mnakuja mpaka huku, kama kilomita mia na kitu, kwahiyo piga hesabu ya nauli kwanza, mara nyingi basi la kwenda Dar moja kwa moja linawatoshea.

Kumpa abiria anayesafiri nje akubebee, mi sishauri. Ukimpa mtu boksi lililofungwa unamwingiza kwenye hatari uwanja wa ndege na wewe pia, na forodha ya kule wakimuuliza hajui kilichomo.

Haya, kampuni za kimataifa. Hapa ndo watu wanashtuka kwenye bei na wanasema wameibiwa, kumbe hawajaelezwa. Kampuni kubwa hazilipishi uzito wa mizani peke yake, zinapima na ukubwa wa boksi. Unachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5,000, jibu ni kilo. Namba ipi kubwa kati ya hiyo na ya mizani ndo unayolipia. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 ni 36,000, gawanya kwa 5,000 unapata kilo 7.2. Kama ndani umeweka vinyago vinne na magazeti mengi, mizani inasema kilo nne, wewe unalipa saba na kitu. Kwahiyo kata boksi. Mimi sasa nina kisu na rula mezani, napunguza kimo cha boksi mpaka limbane kinyago, na mapengo najaza vitambaa vilivyosokotwa badala ya kuacha hewa. Korosho hazina shida hiyo sana kwa sababu ni nzito kwa nafasi yake.

Na hawa hawapeleki kwenye sanduku la posta! Hili limewakwamisha wengi. Wateja wetu wengi wametupa S.L.P. tu, na posta inaelewa, lakini kampuni binafsi inataka mtaa, namba ya nyumba, postikodi na namba ya simu inayopatikana. Pitia orodha yako ya wateja wiki hii, kila mwenye sanduku tu mwandikie akupe anwani ya makazi. Ukisubiri mgomo, utakuwa unaomba anwani huku mzigo uko kaunta.

Karatasi nazo zinabadilika. Posta unajaza CN22 au CN23, zile fomu za forodha za posta, na imeisha, kampuni wanataka invoisi: nani anauza, nani ananunua, kitu gani, vingapi, thamani, na ikiwezekana namba ya forodha ya aina ya bidhaa. Korosho zilizobanguliwa ni 0801.32, vinyago vya mbao viko kwenye 4420. Usiandike "zawadi" wakati ni biashara. Na thamani andika ya kweli, kwa sababu mzigo ukipotea usitegemee kulipwa zaidi ya ulichoandika.

Korosho ni chakula na ni mmea, nchi nyingine zinadai cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, muulize mteja aulize forodha yao kabla hujatuma. Vinyago vya mpingo nako pana jambo: tangu Januari 2017 miti ya ukoo wa mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, yaani kuivusha mpaka kunataka kibali, ila tangu Novemba 2019 bidhaa iliyokwisha kutengenezwa yenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja imeondolewa kwenye sharti la kibali hicho. Kwahiyo mzigo wangu wa vinyago siuvushi kilo 10 hata siku moja, bora niugawe. Na kibali cha mazao ya misitu ni habari nyingine tena, pita ofisi ya TFS, wakala wa misitu, uulize kabla hujafika stendi, wala usisubiri kuulizwa kwenye kizuizi njiani.

Wa Marekani mna la ziada. Tangu 29 Agosti 2025 ule msamaha wa ushuru kwa vitu vya chini ya dola 800 umeondolewa, na siku zile posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda kule. Haukuwa mgomo, lakini kwa muuzaji matokeo ni yaleyale. Mwambie mteja mapema nani analipa ushuru.

Sasa usije ukaona umeshapata njia ya pili ukalala. Njia ya pili nayo inagoma. UPS ya Marekani, kampuni binafsi kabisa, 1997 wafanyakazi 185,000 waligoma siku 15. Hapa kwetu Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, na Mei wakagoma tena. Na Mei 2024 hata mgomo haukuhitajika, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kule Kilwa, Somanga na maeneo yale, Mtwara na Lindi tukabaki huku na Dar huko, mwenye haraka anazunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe mpaka Iringa, safari zaidi ya mara mbili ya ile ya kawaida. Halafu posta ikifunga, mizigo yote inakimbilia kwa hao hao wachache, na wao wanajaa. Kwahiyo gawanya. Hata siku za amani mi natuma mmoja kati ya kila mizigo mitano kwa njia ya mbadala, kwa gharama hiyohiyo ya juu, ili wanijue, akaunti iwe hai, na nijue nani anajibu simu.

Nyaraka za ofisi nazigusa kidogo tu: invoisi, mikataba na stakabadhi tuma skani kwa imeili siku hiyohiyo, ya asili ifuate kwa basi ikiwa lazima.

Kilichobaki ni mteja, na hapa ndo nilikosea zaidi ule msimu, siyo kwenye posta. Nilimwambia "upo njiani" wakati sijui. Siku hizi nikisikia tu habari ya mgomo naandika hivi kwa kila mwenye oda: "Habari za leo dada. Posta ya huko kwenu imetoa notisi ya mgomo. Mzigo wako bado ninao mimi. Una njia mbili, niusubirishe mpaka wamalize bila gharama yoyote, au niutume kwa kampuni binafsi kwa nyongeza ya kiasi hiki. Nijibu kabla ya Ijumaa saa kumi." Ndo hivyo, mfupi, mzigo uko wapi, achague nini, mwisho lini. Wengi wanakubali kusubiri, na wanaoongeza hela wanaongeza kwa moyo mmoja. Ambao mzigo wao umeshakwama nawaambia umekwama, nawatumia picha ya risiti, na kama ni korosho namwambia ukifika umechelewa sana angalia pakiti kabla ya kula, ikiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha nitakutumia nyingine.

Mgomo ukiisha usirudi posta kesho yake. Kanada walirudi kazini 17 Desemba 2024 lakini ucheleweshaji uliendelea mpaka Januari, kuna milima ya mizigo ya kumaliza kwanza. Mimi nasubiri wiki tatu, natuma boksi moja dogo, naifuata ile namba mpaka mteja anipigie picha akiwa nalo mkononi, ndo naanza kurudisha mengine.